Leseni kwa jina la binamu: nihamie Tanga au nibaki Likoni?

Bi Mshauri,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Naomba jina langu lisitoke, maana wanaonijua ni wengi upande huu wa mpaka na upande wa pili.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Nina saluni, ndogo lakini ya miaka, na kazi yangu hasa ni mabibi harusi. Nawasinga, nawatia hina na piko, natengeneza nywele, na siku ya kupamba nakuwa nao mpaka wanapotolewa mbele za watu. Kazi hii niliichukua kwa mama yangu, naye kwa mamake.

Wateja wangu wazuri kwa muda mrefu wametoka Tanga. Wanakuja Mombasa kununua dhahabu na madera, wanapita kwangu, na harusi ikiwa ya watu wenye uwezo wananichukua mimi na vifaa vyangu tunavuka Horohoro. Nakaa siku mbili tatu, napamba, nalipwa, narudi. Mpakani pasi yangu inapigwa chapa ya miezi mitatu na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote.

Sasa mtoto wa ami yangu, ambaye ni mzaliwa na raia wa kule, amepata fremu ya duka Ngamiani, kule Tanga mjini, mahali pazuri, karibu na maduka ya nguo. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Binamu anasema mimi nitoe pesa, yeye atoe jina. Leseni, namba ya mlipakodi, mkataba wa pango, hata laini ya simu ya kupokelea malipo, vyote viwe vyake. Mimi nifanye kazi, na kila faida ikigawanywa mara nne yeye achukue fungu moja. Miezi mitatu ikikaribia nivuke Lunga Lunga, nilale kwangu siku moja, nirudi na chapa mpya. Anasema wako wengi wanaofanya hivyo.

Nilisikia redioni kwamba Tanzania imekataza wageni kufanya biashara fulani na saluni imo. Nilipomuuliza alicheka. Alisema, "Hiyo waliwekewa Wachina wa Kariakoo. Wewe ni damu yetu, nani atakuuliza?" Akanitajia Mkenya mwenye saluni Dar es Salaam ambaye mpaka leo hajaguswa.

Yuko pia mtu mmoja pale mpakani anayewajazia watu fomu. Aliposikia kwamba bibi yangu mzaa mama alizaliwa Moa, upande wa Tanzania, akaniambia kwangu ni rahisi, nimpe kitu kidogo atanipatia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha kule, kama mwenyeji wa Mkinga, kwa sababu lafudhi yangu na ya Mdigo wa kule ni moja. Sikumpa kitu, lakini namba yake ya simu ninayo.

Nilijaribu kuuliza njia ya halali. Nikaambiwa mgeni anayetaka kuwekeza Tanzania lazima awe na dola laki tano. Nilicheka, halafu nikalia.

Pesa ninazo za kuanzia. Nina akiba yangu, zamu yangu ya chama imefika, na ikipungua nitauza bangili mbili. Mama anasema Tanga ni kwetu, mpaka waliuchora Wazungu. Mume wangu nikimuuliza anasema, "Wewe ndiwe mwenye saluni, fanya uonavyo." Yeye kazi yake iko bandarini na hawezi kuhama. Watoto wangebaki na mama yangu mpaka nisimame.

Hapa Likoni kazi imepungua. Wifi yangu naye amefungua saluni mtaa huu huu na wasichana wangu wawili wamehamia kwake, lakini hilo si la kuandikia, riziki ni ya Mungu.

Mwenye fremu anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Bi Mshauri, Afrika Mashariki si moja? Kwa nini mtu apewe kibali cha kufanya kazi kwao? Nitumie jina la binamu nianze maisha, au ni woga tu unaonishika?

Mwenye Shaka, Likoni

*

Mwanangu, marahaba, na aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimekuta wewe mwenyewe umeshayaona mengi kuliko unavyojisifia. Mtu asiye na macho asingeandika "hata laini ya simu ya kupokelea malipo". Umeiandika kwa sababu ilikuchoma, na hapo nitarudi.

Nikikuelewa vyema, una kazi ya mikono inayotakiwa Tanga, una pesa za kuanzia, na una ndugu aliye tayari kukufungulia mlango. Usichokuwa nacho ni uraia wa kule. Kila njia uliyoonyeshwa mpaka sasa ni njia ya kulifunika pengo hilo. Unauliza kama unachohisi ni woga. Mimi ningekiita tahadhari, lakini tuyapime pamoja kisha utakipa jina utakalo.

Tuanze na habari ya redioni, kwa sababu binamu yako ameisikia nusu. Ni kweli kelele zilianzia Kariakoo, kwa wafanyabiashara waliolalamika kwamba wageni, hasa Wachina, wameingia mpaka kwenye biashara za rejareja. Lakini amri iliyotangazwa Julai 2025 na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, haikutaja taifa. Imesema wasio raia. Imeorodhesha shughuli 15, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, na saluni. Asiye raia akikutwa anaifanya, faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi 6, na anafutiwa viza na kibali cha kuishi. Milioni 10 za kule, kwa viwango vya karibuni, ni nusu milioni ya kwetu.

Kuna kifungu ambacho nadhani binamu hajakisoma, au amekisoma akanyamaza. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa hiyo hatari si yako peke yako. Yeye anadhani anakupa jina lake tu, kumbe anaweka na shingo yake. Kabla hujaamua lolote nadhani ni haki yake alijue hilo, na alijue kutoka kwako, mkiwa mmekaa kitako, si kwa ujumbe wa simu.

Yule Mkenya wa Dar es Salaam ambaye hajaguswa simjui, na nadhani nawe humjui sana. Amri iliwaachia waliokuwa na leseni halali waendelee mpaka leseni zao zimalizike muda, kwa hiyo huenda yuko ndani ya muda huo. Huenda saluni yake iko hotelini, kwa maana amri imeziacha saluni za hotelini na zile za shughuli za utalii. Huenda ameolewa kule na ana karatasi zake. Na huenda hajafikiwa tu. Ukitaka kumfuata, kwanza ujue yeye ni nani kati ya hao wanne.

Sasa swali lako la Afrika Mashariki, na hapa nakuonea huruma maana ni swali ambalo hata mawaziri wameulizana. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Ndani yake mna haki ya mfanyakazi kwenda nchi nyingine mwanachama na haki ya mtu kwenda kuanzisha shughuli. Amri ya Tanzania ilipotoka, Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alilalamika hadharani kwamba inakwenda kinyume na makubaliano hayo. Kwa hiyo huna makosa kuuliza, na hoja yako si ya kijinga. Tatizo ni kwamba kila nchi ilijiwekea ratiba yake ya kufungua mlango, na ofisa wa Uhamiaji anayeingia saluni Ngamiani hatafungua itifaki. Ataomba kibali. Unaweza kuwa na haki kwenye mazungumzo ya jumuiya kule Arusha na ukalala mahabusu Tanga usiku huo huo.

Zile safari zako za harusi, nadhani unaziona hazina kosa lolote, kwamba ulikwenda tu na kurudi. Sitaki kukutia hofu kwa yaliyopita. Ila chapa ya miezi mitatu ni ya mtembezi. Inakuruhusu kuhudhuria harusi, haikuruhusu kulipwa kwa kumpamba bibi harusi. Kwamba hakuna aliyekuuliza ni kwa sababu ulikuwa ukikaa siku mbili tatu na begi moja. Mtu mwenye saluni yenye kibao, viti na wasichana wa kazi, ambaye pasi yake inaonyesha kutoka na kuingia kila miezi mitatu, anasomeka mapema. Maofisa wa Horohoro wanaziona pasi za namna hiyo kila siku, na yule anayekupigia chapa leo anaweza kuwa ndiye atakayekuuliza kesho unaishi wapi hasa.

Ya dola laki tano nayo umeambiwa vibaya, ingawa nakiri haitakuliwaza sana. Kiasi hicho ni kiwango cha mtaji kwa mgeni anayetaka cheti cha kupewa nafuu za uwekezaji. Si sharti la kila mgeni anayetaka kuishi na kufanya shughuli. Utaratibu wa kawaida una karatasi mbili zinazotoka ofisi mbili. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinatolewa na Idara ya Uhamiaji. Cha ukaazi kina madaraja: A ni kwa mwenye shughuli yake mwenyewe, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti na wengineo. Wewe kwa mawazo yako ungekuwa wa daraja A. Kinachokukwamisha si udogo wa pesa zako, ni kwamba shughuli uliyoichagua, mahali ulipoichagua, imeshatolewa nje ya mlango. Nakuambia haya ili usijione maskini wa dola laki tano. Hata ungekuwa nazo, saluni ya mtaani Ngamiani ingebaki kwenye orodha ile ile.

Kwa mtu wa mpakani sitazunguka. Namba ya NIDA anayotaka kukupatia ni ile ya raia wa Tanzania, na kuipata kwa kusema wewe ni mwenyeji wa Mkinga ni kudanganya serikali ya watu kwa maandishi na alama za vidole. Uraia wa kurithi hupitia kwa baba au mama, hauruki kutoka kwa bibi ukamkuta mjukuu. Tena Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili kama tunavyoruhusiwa sisi na katiba ya 2010, kwa hiyo siku vidole vyako vitakaposoma majina mawili utaulizwa lipi ni la kweli. Najua mama atasema mpaka ni wa Wazungu, na ni kweli. Lakini tuangalie hapa hapa kwetu. Wamakonde wa Kwale waliishi miaka na miaka bila kitambulisho, wakazaa na kuzika hapa, mpaka wakaandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023. Hao Kiswahili chao ni chetu na wajukuu zao ni wetu, na bado karatasi haikuwajia kwa damu. Wenzetu walihenya hivyo kuipata kihalali, nasi tunaambiwa na mtu wa fomu kwamba ni "kitu kidogo".

Namba yake ya simu, kama unaniuliza, mimi ningeifuta.

Sasa turudi kwa binamu, maana hapa ndipo penye uzito, na wala simshuku. Tuchukulie ni mtu mwema, mkweli, anayekupenda. Hebu mchore mbele yako siku ya kwanza ya duka. Leseni ni yake, mkataba wa pango ni wake, namba ya mlipakodi ni yake, akaunti ni yake. Laini ya simu imesajiliwa kwa vidole vyake, na mteja akilipa pesa zinalala kwake. Viti na vioo umenunua wewe, lakini risiti zitaandikwa jina la nani? Ukijibu maswali haya moja moja, utakuta kwamba kitu pekee kilicho chako katika duka hilo ni mikono yako.

Mkikosana, si lazima kwa ubaya, pengine mkewe tu ataanza kuuliza kwa nini mume wake ana saluni na nyumbani hakuna mchele, utakwenda kushtaki wapi? Mahakamani utasema nini? Utasema, "Biashara ni yangu, tuliificha kwa jina lake kwa sababu sheria inanikataza." Mahakama haziwasaidii watu kudai matunda ya mpango uliofanywa kuizunguka sheria. Mikutano ya wazee ya familia inaweza kukusaidia, nayo nguvu yake inategemea nani amekaa upande gani wa mkeka.

Na kuna hili ambalo watu wa kwetu hatupendi kulitaja. Simuombei binamu yako ila umri mrefu. Lakini akifariki, duka lililoandikwa jina lake linaingia kwenye mirathi. Mjane ana fungu lake, watoto wana mafungu yao, wazazi wake kama wapo wana lao. Wewe, mtoto wa ami, ukiwa na watoto wa kiume wa marehemu mbele yako, huna fungu. Utasimama msibani ukiwa na huzuni mbili, na ile ya pili huwezi kuisema kwa sauti. Labda mtaandikiana kwamba ana deni lako. Vizuri, lakini karatasi hiyo ikisema ukweli inawashtaki nyote wawili, na isiposema ukweli haikulindi.

Sijasema haya ili uone kwamba Tanga imefungwa. Iko milango mingine, kila mmoja na kero zake.

Wa kwanza ni huo wa hotelini. Ukipata hoteli Tanga au Pangani inayotaka saluni ya wageni na maharusi wake, shughuli hiyo haimo kwenye katazo. Utahitaji vibali vyote viwili, mwenye hoteli aliye tayari kuwekeana mkataba nawe kwa jina lako, na subira. Swali langu ni kama wateja wako wa Ngamiani watapenda kupanda kwenda hotelini kusingwa. Bibi harusi wa kwetu anafichwa, hapitishwi mapokezi. Hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Mwingine ni saluni kuwa ya binamu kweli, si kwa kificho. Yaani yeye aimiliki, aiendeshe, na wewe umkopeshe pesa kwa mkataba wa mkopo wa wazi, wenye tarehe za kurudisha, uliopitiwa na wakili wa kule. Hapo huna yale mafungu yako matatu ya faida wala sauti ya mwenye duka. Una deni la kudai. Ukitaka na kufanya kazi humo atakuombea kibali cha mwajiriwa, na sheria yao ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba amemtafuta raia mwenye ujuzi huo akamkosa, na kwamba ana mpango wa mwenyeji kuurithi ujuzi wako. Kwa saluni, sioni wepesi. Lakini jaribu kumtajia binamu njia hii na uangalie uso wake. Anayetaka biashara atauliza maswali. Anayetaka pesa zako atasema mambo yote haya ni ya nini kati ya ndugu.

Ninaloliona likizungumzwa kidogo ni kwamba wateja wa Tanga tayari wanakuja kwako wenyewe. Hukuwaita. Wanapanda basi, wanavuka, wanakuja Mombasa kwa sababu ya dhahabu, madera na jina la mji huu kwenye mambo ya harusi. Je, una hakika kwamba wanakufuata wewe na si Mombasa? Saluni Ngamiani inaweza kuwa moja kati ya nyingi, na yule mama aliyekuwa akijivunia kwamba binti yake kasingwa Mombasa akatafuta mwingine wa kujivunia. Kama ni hivyo, kodi ya mwaka mzima ya fremu ingeweza kufanya nini hapo Likoni? Chumba cha pili cha bibi harusi na somo wake, yaani kungwi, kulala siku mbili, na makubaliano na mwenye gari anayewapokea Lunga Lunga. Kwa hayo huhitaji kibali cha nchi yoyote ila leseni ya kaunti yako. Ubaya wake ni kwamba msimu wa harusi unapanda na kushuka, na Ramadhani nzima chumba hicho kitakaa kitupu.

Watu pia watakwambia upeleke bidhaa. Upo utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki, wa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kwa safari, ambapo bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha hupita kwa fomu fupi bila ushuru wa forodha. Ukimuuzia jumla mwenye duka wa Tanga, kule muuzaji ni yeye. Lakini udi na manukato ya Dubai hayahesabiki kuwa ya kwetu, na singo unayosaga mwenyewe ni kipodozi, kwa hiyo shirika lao la viwango, TBS, lina neno nayo. Ni njia ya mtu anayependa karatasi. Sidhani ni wewe, lakini naweza kuwa nimekosea.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ubalozi mdogo wa Tanzania uliopo hapo Mombasa. Usiende na hadithi ya rafiki yako anayeuliza, nenda kama wewe. Waulize kuhusu saluni ya hotelini, na waulize kuhusu hati ya kazi ya muda mfupi, ili harusi zako za siku mbili tatu ziwe halali hata usipohama kamwe. Waombe wakuonyeshe ada kwenye tovuti ya serikali, ulipe huko huko, usimpe mtu mkononi.

Nimeacha moja mwisho kwa sababu wewe mwenyewe umesema si la kuandikia, kisha ukaliandika. Wifi yako. Umemaliza karatasi nzima ukinieleza Tanga, na Likoni umeipa mistari miwili, nayo ina wifi, wasichana wako wawili, na riziki ya Mungu. Mume wako anaposema "fanya uonavyo", huenda amekuachia kwa heshima. Huenda pia aliyefungua saluni ni dada yake na hataki kuwekwa katikati. Umewahi kumuuliza hilo lenyewe, bila kutaja Tanga? Na ujiulize nawe, usiku watoto wakilala: wifi asingefungua, fremu ya Ngamiani ingekuvutia vile vile? Ukijibu ndiyo, basi una ndoto ya biashara na tutaitafutia njia. Ukijibu hapana, kuna mazungumzo ya nyumbani yanayongoja, na Tanga haitayafanya kwa niaba yako. Watoto kubaki kwa bibi yao na baba kubaki bandarini ni bei kubwa kulipia ugomvi ambao haujasemwa.

Sijui lipi kati ya hayo. Barua moja hainipi ruhusa ya kujua.

Kuhusu mwenye fremu na mwisho wa mwezi wake: yeye anafanya biashara yake, na fremu Ngamiani si moja. Mwambie binamu hivi, kwa upole na bila kumsuta: kama anaiamini saluni hiyo, aweke kishika nafasi cha mwezi mmoja au miwili kwa pesa yake na jina lake, nawe uendelee kuuliza ubalozini. Halafu niandikie alichojibu, na alichojibu mumeo.